TAHADHARI: Wanaokufungia "redio ya Android" nyumbani, wanachokitaka ni redio yako ya zamani

Wakuu, salaam. Hii inawahusu wenye magari ya kutoka Japani, hasa wale ambao redio imegoma baada ya kubadilisha betri na sasa wanahangaika namna ya kusikiliza nyimbo za kwenye simu. Kuna vijana wanatangaza Instagram, wanakufuata ulipo hapa Dar, wanakufungia redio ya kioo kikubwa kisha wanaondoka na ile uliyokuwa nayo. Wamemtapeli shemeji yangu Tabata. Nilipoanza kuulizia nikakutana na watu wa Kimara na Mbagala wenye kisa hichohicho, hadi maneno waliyoambiwa yanafanana.

Shemeji ana Vitz, anafanya teksi za mtandaoni, na abiria wa Dar mnawajua, foleni ya Tazara bila muziki ni lawama mpaka unapomshusha. Gari lilikuja na redio yake ya skrini, maandishi Kijapani kitupu, lakini Bluetooth ilikuwemo na simu ilikuwa inaunga bila shida. Betri ikafa, akafungiwa mpya. Alipowasha gari, skrini ikaleta mistari miwili ya Kijapani na mchoro wa kadi, ikaganda hapo. Hakuna stesheni, hakuna Bluetooth, hakuna chochote.

Hapa ndipo wanapokulia hela, kwa hiyo niseme taratibu. Redio hiyo haijafa. Redio nyingi za Toyota za aina hiyo, zile ambazo namba yake ya modeli inaanza na herufi NSZT, zinatumia kadi ya SD yenye ramani na programu. Umeme wa betri ukikatika, redio inataka kuisoma tena ile kadi ndipo iamke. Kadi ikiwa imeharibika, au imechomolewa huko ilikopita kabla gari halijakufikia, redio inakaa inasubiri. Nyingine zinaleta namba ndefu kwenye skrini na kudai neno la siri, na fundi anayezijua huitumia namba hiyohiyo kulipata. Mafundi wa kazi hiyo wapo Kariakoo. Shemeji alipokuja kuulizia baadaye, tena akiwa hana redio mkononi, aliambiwa kadi ya modeli yake ni elfu sitini pamoja na kuwekewa.

Sasa tangazo lao. Android 13, RAM GB 8, ukubwa wa ndani GB 128, wati 60 mara 4, kioo inchi 10, Sh 350,000 pamoja na kufunga, "lipa ukiridhika". Maoni chini ya posti yamefungwa, na hilo peke yake lingetosha kumfanya mtu apite. Ukiwaandikia inboksi wanajibu fasta, na swali lao la kwanza ni picha ya redio uliyonayo. Wanadai wanataka kujua "fremu" gani itakaa. Jirani yetu ana gari la zamani lenye redio ya kaseti, naye aliwatumia picha. Akajibiwa mzigo kwa gari yake umeisha. Shemeji alipotuma ya kwake, mzigo ukawepo siku hiyohiyo.

Wakaja magharibi, vijana wawili na bodaboda, giza linaingia. Mmoja akaitazama skrini, akatikisa kichwa: "Bosi, hii bodi imeshaungua. Ukiiacha humu itakuunguzia na mpya." Shemeji akasema basi wamwachie tu aiweke ndani. Yule wa pili akadakia, "Bosi wangu, bei ilikuwa laki nne, tumekupunguzia hamsini kwa sababu ya hilo kopo. Sisi tunaenda kulitupa." Kopo! Redio hizo zikishafunguliwa zinauzwa vizuri sana kwenye meza za redio za mitumba, na ndiyo faida yao kubwa kwenye biashara nzima.

Mimi kabla ya kazi ninayofanya sasa nilikaa benchi la ufundi wa miziki ya magari Magomeni, kwa hiyo shemeji alinipigia asubuhi iliyofuata, gari halitaki kuwaka. Betri mpya, imelala. Nikavuta redio nje. Nyuma ya redio ya Toyota kuna plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, na waya wa kuunganishia redio mpya na plagi hizo unauzwa kila mahali. Unachomeka tu, hukati hata uzi mmoja. Hawa walikata plagi zote mbili kwa plaizi, wakasokota waya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi. Waya wa njano, ambao unapokea umeme muda wote ili redio ikumbuke saa na setingi, na waya mwekundu, ambao unatakiwa kupata umeme pale tu unapozungusha ufunguo, walivisokota pamoja kwenye umeme wa moja kwa moja. Maana yake redio haizimiki. Shemeji alibonyeza kitufe, kioo kikawa cheusi, akajua imelala, kumbe inakunywa betri usiku kucha. Wenyewe waliondoka gari likiwa bado linaunguruma, hivyo hakuona. Fyuzi ya waya wa njano, ambayo huwa nyuma ya redio au kwenye waya wenyewe, waliiruka kabisa. Huo sasa si utapeli wa hela tu, waya huo ukigusa bodi ya gari unawaka moto.

Nikarekebisha waya, nikaiwasha, nikaanza kuipekua. Kwenye setingi imeandikwa Android 13, RAM 8, kama walivyosema. Maandishi hayo yanabandikwa na aliyetengeneza programu ya redio, anaandika anachotaka. Nikaweka CPU-Z, programu ya bure ya kusoma kilichomo ndani. Chipu ni AC8227L, ambayo ni ya bei ya chini kabisa kwenye redio hizi na inajulikana kwa kuvishwa majina makubwa. Kwenye kipengele cha API, yaani namba inayoonyesha toleo halisi la Android, ikasoma 27. Android 13 ni API 33. Namba 27 ni Android 8.1, ya mwaka 2017. Hiyo GB 128 nayo nikaipima kwa njia ya kishamba, nikanakili filamu kutoka kwenye flashi. Ilijaa kabla hata ya GB 12. RAM inajionyesha yenyewe: ukifungua ramani, wimbo unaotoka kwenye simu kwa Bluetooth unakatakata, ukifunga ramani wimbo unarudi. Kwa dereva wa teksi za mtandaoni hiyo ni redio ya kuangalia saa.

Wati 60 mara 4 hata msibishane nao. Gari linatoa volti 14 na kidogo, spika ni za omu 4. Redio ya kawaida isiyo na amplifaya ya pembeni haivuki wati ishirini na kitu za kweli kwa kila spika.

Wanaotaka tu simu iimbe kwenye gari, sikilizeni. Kwanza angalia redio uliyonayo. Redio nyingi za skrini kutoka Japani zina tundu la VTR nyuma, na waya wake wa kutokea unaishia na vichwa vitatu, njano kwa picha, nyeupe na nyekundu kwa sauti. Fundi anautoa mbele, unachomeka simu, kwisha. Kama simu haina tundu la hedifoni, kuna vipokezi vidogo vya Bluetooth vinavyokula umeme wa USB na kutoa sauti kwa AUX, yaani waya wa kuingizia sauti kwenye redio. Hapo mwambie muuzaji akichomeke mbele yako na upige wimbo, siyo simu, kwa sababu vipo vinavyopokea simu vizuri halafu muziki unatoka kama wa kwenye debe. Na ukisikia mlio mwembamba unaopanda kila unapokanyaga mafuta huku simu inachaji, kifaa si lazima kiwe kibovu. Umeme wa chaja na wa redio unagombana njiani, kuna kichujio cha kuchomeka katikati ya waya wa AUX kinachoumaliza.

Zile modyuleta za kwenye tundu la kiberiti cha sigara wanazouza mataa ya Ubungo, zinazorusha wimbo wa simu kwenda kwenye redio kwa masafa ya FM, sizisemi kuwa ni utapeli, ila kwa magari haya zinachosha. Redio ya Japani kiasili inaishia FM 90, nyingine 95, na modyuleta nyingi zinaanzia 87.5. Unabaki na upenyo mdogo, na humohumo kuna stesheni za mjini zinazokuzidi nguvu. Ukihama kutoka Posta mpaka Tegeta utaibadilisha masafa njia nzima.

Turudi kwa wezi wetu. Lipa namba yao haikuwa ya duka. Walitoa namba ya kawaida, na jina lililotokea kwenye simu halikufanana na la ukurasa wala la kijana yeyote kati ya wale wawili. Shemeji alipouliza wakasema ni la "mhasibu". Risiti hakuna. Kesho yake alipowaandikia kuhusu betri walisoma, kisha akablokiwa. Nikaingia kwa akaunti yangu, ukurasa upo, wamebadili jina tu, video ni zilezile na kioo kilekile kinachowashwa kwenye gari lilelile jeupe.

Tumeshapeleka taarifa polisi pamoja na mazungumzo yote na ujumbe wa malipo, na ile namba tumeituma kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Bidhaa yenyewe, kwa kuwa imevishwa sifa isizo nazo, inahusu pia Tume ya Ushindani, FCC. Mwenye kisa kama hiki asifute chochote kwenye simu. Mazungumzo ya inboksi piga picha mapema, kwa sababu wao wakifuta upande wao unaweza kubaki na maelezo ya mdomo tu. Anayenunua leo adai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, na redio ya zamani asimpe mtu, hata kama ameambiwa imeungua mara kumi. Iweke uvunguni.

Jina la ukurasa siliweki hapa kwa sababu shauri liko polisi, na wenyewe wanalibadili kila wakijulikana. Redio ya shemeji ni ya Toyota, namba inaanza na NSZT, kitufe cha sauti kimechubuka rangi upande wa chini na kwenye ukingo wa kulia kuna mabaki ya gundi ya stika aliyobandika mtoto. Ukiiona mezani pale mtaa wa Gerezani, Kariakoo, au kokote, niandikie inboksi. Simuulizi mwenye meza ameipata wapi, nainunua hapohapo.