Maka peni za chaki ya maji: rangi zipi hufunika kweli ubao mweusi?

Seti ya maka peni nane za chaki ya maji inayouzwa siku hizi katika baadhi ya maduka ya vifaa vya kuandikia katikati ya jiji la Mwanza inavutia macho: nyeupe, njano, pinki, chungwa, kijani, nyekundu, bluu na zambarau, zote zimepangwa ndani ya boksi lenye kidirisha cha plastiki. Nimeitumia kwenye mbao za menyu za migahawa ya Kirumba na Kitangiri, kwenye vioo vya saluni na kwenye ubao wa bei wa duka la vinywaji, na maoni yangu ni kwamba mnunuzi hulipia rangi nane akapata nne za kutegemea. Nyeupe, njano, pinki na chungwa zinafunika vizuri. Kijani ni ya wastani. Nyekundu, bluu na zambarau, zikiandikwa juu ya ubao mweusi, hazifai kubeba habari yoyote ambayo mteja anatakiwa kuisoma akiwa barabarani.

Kinachompoteza mnunuzi dukani ni vifuniko. Kifuniko cha zambarau kinang'aa kwa sababu ni plastiki iliyotiwa rangi yake yenyewe, wala hakimwambii mtu lolote kuhusu wino uliomo ndani. Hata ukiomba kujaribu, utapewa karatasi nyeupe, na juu ya karatasi nyeupe kila rangi hupendeza. Nawashauri wanunuzi waende na kipande cha kitu cheusi, hata kigae au kibao kilichopakwa rangi, wajaribie hapo.

Sababu ya tofauti hii imo ndani ya wino. Maka hizi zina maji, kiasi kidogo cha gundi ya kuushikiza wino, na unga wa rangi. Katika maka nyeupe unga huo kwa kawaida ni dioksidi ya titani, ileile inayotiwa katika rangi nyeupe za kupaka ukutani, na sifa yake kubwa ni uwezo wa kupinda mwanga: kipimo chake hufikia takribani 2.7, ilhali cha chokaa ni takribani 1.6 na cha maji ni 1.33. Kadiri tofauti kati ya unga na kinachouzunguka inavyokuwa kubwa, ndivyo mwanga unavyotawanywa na kurudishwa machoni kabla haujafika kwenye weusi wa ubao. Unga wa bluu iliyokolea au zambarau hufanya kazi nyingine kabisa: hunyonya sehemu kubwa ya mwanga, hutawanya kidogo sana, na mwanga unaopenya humezwa na ubao ulio nyuma yake. Kiwanda kinachotaka bluu yake ifunike hulazimika kuichanganya na nyeupe, na ndiyo maana bluu zinazoonekana vizuri kwenye ubao mweusi huwa zimepauka kuelekea rangi ya anga. Bluu ya seti hii haikuchanganywa hivyo. Imekolea sana kwenye karatasi, na kwenye ubao inazama.

Ili kuona jinsi ufunikaji unavyotokea, piga mstari mmoja wa nyeupe kwa ncha pana kisha uinamie ubao. Wino unapotoka huwa wa kijivu, kama maziwa yaliyotiwa maji mengi, na mtu asiyezoea hudhani ameuziwa bidhaa mbovu. Baada ya muda mfupi kingo za mstari zinaanza kuwa nyeupe, weupe unaingia taratibu kuelekea katikati, na maji yakishakauka mstari wote unakuwa mweupe pe. Hewa imechukua nafasi ya maji kati ya chembe za unga, na kwa kuwa kipimo cha hewa cha kupinda mwanga kiko mbali zaidi na cha unga kuliko cha maji, mwanga unatawanyika kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo rangi isihukumiwe ikiwa mbichi. Na zaidi ya hapo, isirudiwe ikiwa mbichi: ncha ikipita juu ya wino ambao haujakauka hukwangua ule wa chini na kuacha mfereji mweusi katikati ya herufi. Katika neno SATO jambo hili huonekana kwanza kwenye herufi A, pale mstari wa kati unapokutana na miguu miwili, kwa sababu mwandishi hufika hapo akiwa na haraka ya kwenda kwenye T.

Nyeupe ya seti hii inatosha kwa mpako mmoja. Njano huacha michirizi katika mpako wa kwanza, lakini wa pili, ukipigwa baada ya ule wa kwanza kukauka, unaijaza kabisa. Na kwa macho yangu njano ndiyo inayosomeka kutoka mbali kuliko zote, hata na abiria aliye ndani ya daladala inayopunguza mwendo. Zambarau niliipaka hadi mara tatu. Haikuongezeka mwanga wowote, ila tabaka lilikuwa nene likaanza kupasuka na kudondoka vipande vidogo. Mama mwenye mgahawa mmoja wa Kirumba, ambaye aliipenda sana rangi hiyo na akataka bei zote ziandikwe nayo, alivuka barabara kuutazama ubao wake, akarudi akaniambia, "Mwanangu, sangara nimemwona, bei yake siioni." Bei zikaandikwa upya kwa njano, na zambarau ikabaki kwenye maua ya pembeni, ambako kazi yake ni pambo tu.

Pinki na chungwa zinahitaji maelezo ya ziada. Ni rangi za aina ile ya kung'aa kupita kiasi, ambazo hupokea mwanga wa jua usioonekana kwa macho na kuurudisha ukiwa mwanga unaoonekana, na ndiyo maana mchana huonekana kama zimewashwa. Usiku chini ya taa mng'ao huo hupungua sana. Vilevile rangi za aina hii hupauka upesi zikikaa juani, na jua la Mwanza, ambayo iko chini ya nyuzi 3 kusini mwa ikweta, halina huruma. Kwa menyu inayofutwa kila asubuhi si tatizo. Kwa jina la duka linalotarajiwa kukaa miezi kadhaa, sizipendekezi.

Jua lina athari nyingine ambayo watu wengi huilaumu maka. Ubao mweusi uliosimama nje tangu asubuhi huwa wa moto ifikapo saa sita, na wino hukauka kabla haujasambaa, hivyo hata nyeupe nzuri hutoka na michirizi. Ubao uandikwe kivulini, ukiwa umepoa. Wakati wa masika hali hugeuka: hewa ya kando ya ziwa ina unyevu, wino huchelewa kukauka, na tone moja la mvua huondoa herufi nzima, kwa sababu wino huu umetengenezwa ufutike kwa maji.

Kwenye kioo hukumu yangu juu ya rangi dhaifu inabadilika. Mchana, mtu akitazama kioo cha saluni kutoka nje huku ndani kukiwa na giza kidogo, mambo ni yaleyale ya ubao mweusi na nyeupe inashinda. Usiku taa za ndani zikiwashwa, mwanga hutoka nyuma ya maandishi: nyeupe na njano, kwa kuwa zinauzuia, zinaonekana kuwa nyeusi nyeusi, ilhali nyekundu na bluu, ambazo mchana zilikuwa hazina nguvu, zinapitisha mwanga na kuwaka vizuri sana. Mwenye biashara inayofanya kazi zaidi jioni ana sababu ya kweli ya kuzitumia rangi hizo kwenye kioo.

Sehemu ya kuandikia nayo inaamua mengi. Kioo, melamini na bati lililopakwa rangi laini havinyonyi wino, hivyo rangi yote hubaki juu na hufutika kwa kitambaa chenye maji. Plaiwudi iliyopakwa rangi ya ubao, ambayo ndiyo wengi wanayo, ina vitundu vidogo vidogo: hunywa sehemu ya wino, hudhoofisha ufunikaji, na baada ya kufuta huacha kivuli cha menyu ya jana, hasa cha nyekundu na pinki. Jaribu kwanza pembeni. Kwa ubao wa aina hiyo chaki ya kawaida, zikiwemo zile za Maswa mkoani Simiyu, bado ni chaguo la busara. Pia mtu asichanganye maka hizi na Posca, ambazo zinafunika vizuri lakini ni rangi ya kupaka. Zikiingia kwenye ubao wenye vitundu hazitoki.

Kuhusu utunzaji, unga wa nyeupe una uzito wa zaidi ya mara nne ya maji, kwa hiyo huzama chini ya maka iliyosimamishwa muda mrefu. Itikise ikiwa imefungwa, kisha bonyeza ncha juu ya karatasi chakavu mpaka wino ushuke, na uihifadhi ikiwa imelazwa. Ncha za seti hii hazikuchanika, na wino haukuvuja. Kwa hayo mawili naisifu bila kusita.

Linalonikera ni namna inavyouzwa. Nilirudi dukani kutafuta nyeupe peke yake, nikajibiwa, "Kaka, hizi hatufungui, ni boksi zima." Nyeupe yangu imekwisha, njano imebaki kidogo, na zambarau bado imejaa. Mwenye duka atakayekubali kuuza moja moja, au aagize boksi la nyeupe na njano tupu, atapata wateja wa kudumu miongoni mwetu tunaoandika mbao za mji huu.