Kipimahewa cha mezani: vumbi kinaliona, gesi hakiijui

Nyota tatu kati ya tano. Nimekinunua mjini Mombasa kwa shilingi elfu nane na ushei, kijisanduku cheupe cha kuenea kiganjani. Muuzaji aliapa kinapima kila kilichomo hewani. Si kweli, na nyota ya kwanza imeondokea hapo.

Kwa vumbi sina lawama nacho. Ndani mna kifeni kinachovuta hewa ipite kwenye mwale wa leza. Chembe hutawanya mwanga, kifaa hukadiria na kuandika PM2.5, yaani chembe zisizozidi maikromita 2.5, zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linataka wastani wa saa 24 usizidi maikrogramu 15 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Kwetu Mikindani, alfajiri upepo ukiwa mzuri, husoma 12 au 14. Jirani akichoma taka za plastiki, hata dirisha sijafunga imesharuka 180! Jiko la mkaa nimelihamishia uani kwa sababu yake. Mama mkwe alinuna. Nikamwonyesha namba, akanuna zaidi.

Ila kuna usiku ambapo harufu kali hutoka upande wa viwandani, koo linawasha, mwanangu mwenye pumu anabanwa kifua na mimi natafuta inhela gizani. Natazama kioo: kijani, "Hewa Nzuri". Gesi si chembe. Dioksidi ya salfa, gesi kali ya viwandani, ina kipimo chake, na hiki hakina.

Wala hakijui vumbi limebeba nini. Hapa jirani, Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu za magari kilifungwa 2014, lakini risasi, ile metali yenye sumu, ilishaingia udongoni na kwenye damu za watoto. Wakazi walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, wakanyang'anywa kwenye rufaa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Kifaa hiki kingekuwa mezani mwao miaka ile, vumbi la risasi na vumbi la barabara vingesomeka namba moja. Risasi hutafutwa kwenye damu na udongo, maabara.

Msimu wa masika pia msikiamini sana. Unyevu ukizidi chembe huvimba, namba inapanda bila moshi wowote.

Nyota ya pili imekwenda kwa sababu hakihifadhi kumbukumbu. Nilipiga picha za kioo nikazipeleka ofisi moja ya serikali. Afisa akasema kifaa cha nyumbani si ushahidi. Nikamwambia basi leteni chenu. Bado nawangoja.

Mwenye mgonjwa wa pumu na majirani wachoma taka, kinunue. Anayetaka kukishtaki kiwanda aweke pesa zake. Na kebo iliyo ndani ya boksi ni fupi mno, tumia ya simu.