Uzoefu wangu: kupimiwa viwanja kwenye shamba lenye popo, Pemba

Naandika kwa yeyote anayetafuta mtu wa kumpimia ardhi na kumchorea ramani ya nyumba hapa Pemba, hasa ikiwa ardhi yenyewe ina popo. Huduma niliyoipata nimeiridhia, ila kuna mambo mawili yaliyonisumbua na nitayaeleza.

Shamba letu ni la ukoo, lipo kaskazini ya Chake Chake. Vijana wameoa, nyumba ya wazee haitoshi tena, ndipo tukakubaliana sehemu moja igawiwe viwanja. Upande wa nyuma kuna makaburi ya wazee wetu, na hapo imesimama mivule na miembe mikubwa ambayo popo wa Pemba, wale wakubwa wanaokula matunda, wanalala mchana kutwa. Wapo tangu kabla sijazaliwa.

Ofisi ya kwanza tuliyoiita ilikuja asubuhi, ikapima mipaka, ikatuletea karatasi yenye viwanja vilivyopangwa safu hadi ukingo wa makaburi. Hapakuwa na mti hata mmoja kwenye mchoro ule. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba miti ni shauri ya mwenye kiwanja. Hatukuendelea nao.

Wa pili ndiye ninayemsifu. Huyu alikuja alasiri na akabaki nasi hadi magharibi. Alianza kwa kutembea chini ya miti akiangalia vinyesi na makapi ya matunda yaliyotemwa, maana popo hutafuna, hunywa maji ya tunda na kutema nyuzi. Kila mti wenye alama hizo aliutia kwenye ramani kabla hajachora nyumba yoyote. Kisha akatuomba tukae kimya tusubiri. Giza lilipoanza kuingia wakaondoka kundi baada ya kundi, karibu wote wakipitia upande wa bonde. Njia ile akaichora kwa penseli na kutuambia upande huo tusijenge ghorofa wala tusisimamishe mnara wa antena.

Ami yangu alimuuliza, "Mwanangu, tukiuacha mvule mmoja ule mkubwa, si utawatosha?"

Akamjibu kwa adabu, "Hautawatosha, ami. Asubuhi wako upande huu, jua likipanda wanahamia kwenye kivuli. Upepo ukibadilika wanahama tena. Miti ya pembeni ikiondoka, huo mmoja utabaki mtupu, na wao wataondoka."

Kwangu mimi jibu hilo peke yake lilistahiki malipo yote. Wengi tunadhani tumehifadhi kwa kuacha mti mmoja katikati ya nyumba. Popo wa Pemba halali pangoni wala darini. Hujitundika kwenye matawi ya wazi, akijifunika kwa mabawa yake. Anachohitaji ni kundi la miti mikubwa inayokingana, tena mahali penye utulivu.

Na si mnyama wa kupotezwa ovyo. Hapatikani pengine popote duniani isipokuwa kisiwani kwetu. Jamaa zake wa jenasi yake, yaani popo wa ukoo wake wa karibu, hawapo kabisa bara la Afrika. Wako Mafia, Komoro, Madagaska na kuendelea mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uwindaji na ukataji wa misitu ulikuwa umempunguza mno hata ikahofiwa atatoweka. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa kiasi cha 5,000, na baada ya vijiji kushika ulinzi wenyewe idadi ikapanda kupita 18,000. Kidike ndiko kunakojulikana zaidi: wanakijiji wanawalinda na mgeni analipa kiingilio kuwaona. Lakini jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mahali pa kulala pakiharibiwa wakati wana vichanga, hasara ile haifidiki upesi.

Tena wanatufanyia kazi. Popo wala matunda hubeba mbegu za mvule, mti ule ule ambao sote tunatamani mbao zake kwa milango, na maua ya msufi huchavushwa na popo usiku.

Ramani ya mwisho imezisogeza nyumba zote upande wa barabara, penye minazi iliyozeeka. Kati ya nyumba na makaburi umebaki ukanda wa mikarafuu na mishelisheli ambao hakuna ruhusa ya kujenga. Kila ndugu amepata kiwanja kidogo kuliko cha mchoro wa kwanza, na mmoja alinuna, lakini hakuna aliyekosa. Taa za nje zitaelekezwa chini, mbali na miti. Kwa ile michache ya kukatwa alituelekeza kwanza kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, kisha Idara ya Misitu kupata kibali. Zanzibar tunayo sheria ya mazingira ya 2015 inayodai tathmini ya athari kwa miradi mikubwa. Sisi ni familia tu, lakini ningependa kila anayegawa viwanja apimiwe namna hii.

Sasa yaliyonisumbua. La kwanza ni maji. Tunakinga mvua kwenye bati, na popo wanaporuka hudondosha vinyesi. Hakulitaja hilo mpaka nilipouliza mwenyewe. Ndipo akaongeza tangi lenye mfuniko na bomba la kumwaga maji ya mwanzo ya mvua. La pili ni zito zaidi: nguzo za umeme alizipitisha bondeni, kwenye njia ile ile aliyoichora kwa mkono wake. Popo wakubwa kama hawa hugusa nyaya mbili kwa mabawa na kufa papo hapo. Kurekebisha kulichukua muda, na tuliongezewa gharama ambayo naona haikuwa haki yetu kuilipa.

Kwa hiyo ukimwita mpimaji, mwambie tangu siku ya makubaliano kwamba ramani iwe na miti, njia ya popo, nyaya na maji, vyote kwa bei moja iliyoandikwa. Asiyekubali kuja jioni, mtafute mwengine. Na watoto wa nyumbani waambiwe mapema: popo aliyeanguka hashikwi kwa mkono mtupu, aitwe mtu mzima.