Nguo za safari ya meli kwenda ncha za dunia: kipi ununue kwanza, kipi uazime

Mtu akishalipia safari ya meli kwenda Antaktika au Svalbard (visiwa vya Norwe karibu na Ncha ya Kaskazini), dukani hukimbilia koti kubwa. Hicho ndicho kitu cha mwisho kununua, na huenda usikinunue kabisa. Kampuni nyingi za safari hizi humpa abiria jaketi nene lisilopitisha maji, ama la kuondoka nalo ama la kuazima, na buti za mpira nazo huazimishwa. Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti, muulize wakala wako: jaketi lipo? Buti za namba yangu zipo? Nguo zinafuliwa melini? Majibu hayo matatu ndiyo yatakayoamua ukubwa wa begi lako.

Halafu baridi yenyewe. Meli hupeleka wageni kwenye Rasi ya Antaktika kuanzia Novemba hadi Machi, majira ya joto ya kule, na mchana kipimo huchezacheza karibu na nyuzi sifuri, juu kidogo au chini kidogo. Svalbard mwezi Julai huwa nyuzi chache juu ya sifuri. Kinachomtesa msafiri ni maji yakishirikiana na upepo. Kutoka melini hadi ufukweni mnapanda boti ya mpira, mnakaa ukingoni mgongo ukiwa baharini, na boti ikikata wimbi, rasharasha zote zinaishia mapajani. Maji huondoa joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Ndiyo maana orodha yangu inaanza na vazi ambalo lenyewe halina joto lolote.

1. Suruali isiyopitisha maji

Hapa usifanye ubahili. Chagua nyepesi, isiyo na kitambaa cha joto ndani, ili wewe mwenyewe uongeze au upunguze nguo za chini kulingana na siku. Ile nene ya kuteleza kwenye theluji nayo inafaa, ila inakula nafasi begini na ukipanda kilima kidogo unatokwa jasho.

Lebo isome 10,000 mm au zaidi kwenye kipimo cha kuhimili maji, kisha igeuze ndani nje utazame mishono. Kila mshono uwe umebandikwa utepe. Kitambaa kinaweza kuwa cha hali ya juu na maji yakapenya kwenye matundu ya sindano. Angalia pia zipu za pembeni ya miguu, maana suruali hii huvaliwa juu ya buti. Ukiichomeka ndani, hatua ya kwanza kwenye maji ya ufukweni inakujazia buti. Ijaribu ukiwa umevaa nguo za chini zote, uchuchumae na upande ngazi. Ikibana, chukua namba ya juu.

2. Nguo za ndani

Nafasi ya kwanza ni sufu ya merino, aina ya kondoo wenye sufu laini, uzito wa gramu 200 hivi kwa mita ya mraba. Inafyonza unyevu mwingi kabla hujahisi umelowa, na hainuki haraka, hivyo jozi mbili zinatosha safari ya siku kumi. Ya pili ni poliesta: bei nafuu, na ukiianika bafuni usiku asubuhi imekauka, lakini siku ya tatu jirani yako mezani atajua. Ya tatu ni hariri, nyepesi na inakunjika ikawa kiasi cha ngumi, ila joto lake ni dogo. Pamba haina nafasi hapa. Ikishika jasho inabaki mbichi mwilini, na hiyo ni pamoja na soksi na chupi.

3. Glavu

Nunua za aina mbili: nyembamba za kushikia kamera, na za nje zisizopitisha maji zenye mfuko mmoja wa vidole vinne, kwa sababu vidole vikikaa pamoja hupashana joto. Za nje ziwe na kamba ya kuvaa mkononi. Glavu ikidondoka baharini, imekwenda. Beba jozi ya akiba ya zile nyembamba.

4. Vazi la katikati

Sweta la flisi, kitambaa laini chenye manyoya ya nyuzi za viwandani, linashinda. Linakauka upesi, na melini ni joto, kwa hiyo hilohilo unakwenda nalo chakula cha jioni bila mtu kukushangaa. Jaketi la manyoya laini ya bata ni jepesi kuliko yote na linabanwa likawa dogo sana, lakini likilowa manyoya yanashikana kama unga ulioingia maji na joto linakwisha. Linunue tu kama litavaliwa chini ya jaketi lisilopitisha maji. Ukiwa na wasiwasi, chukua lililojazwa nyuzi za viwandani.

Kofia inayofunika masikio, skafu ya mviringo na soksi nene za sufu hazihitaji kuumiza kichwa, mradi soksi zisijaze buti hadi mguu ukabanwa. Miwani ya jua usiidharau: theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 ya mionzi ya urujuanimno.

Kufungasha

Vizito vivae kwenye ndege. Seti moja kamili, pamoja na suruali ya maji na glavu, iwe kwenye begi la mkononi, kwani begi kubwa likichelewa kufika Ushuaia, bandari ya Argentina zinakoanzia meli nyingi za Antaktika, meli haitalisubiri. Mifuko ya kukunja na kutoa hewa kwa mkono ni bora kuliko ile inayodai pampu, ambayo hutaipata wakati wa kurudi.

Kabla ya kushuka Antaktika, nguo za nje hukaguliwa mbegu na udongo, kwani nyasi ya kigeni iitwayo Poa annua imeshaota Kisiwa cha King George. Safisha mifuko na mishono nyumbani. Na ukibaki na jaketi mbili zinazolingana, acha yenye velkro nyingi, zile tepe za kunata zenye vikulabu vidogo: wewe ndiye utakayekaa na kibano ukinyofoa nyuzi na mbegu moja moja huku wenzako wakipanda boti.