Saratani ya utumbo iliyofika kwenye ini: kukata au kuchoma?

Ini likikatwa, kipande kilichobaki hukua tena. Ndiyo maana daktari anaweza kuondoa hata zaidi ya nusu, mradi kinachobaki ni kizima na kinapitiwa na damu vizuri (dawa za kemo zikiwa zimelichosha, hukata sehemu ndogo zaidi). Kwa uvimbe mkubwa bado sioni mbadala wa kisu. Ila kidonda mara nyingi ni kirefu, chini ya mbavu, na kulazwa ni siku kadhaa.

Kuchoma ni habari nyingine. Sindano ndefu huongozwa kwa CT skani au ultrasaundi hadi ndani ya uvimbe, kisha mawimbi ya maikrowevu yanauivisha kwa dakika chache, pamoja na ukingo wa nyama yenye afya unaouzunguka. Uvimbe ukipakana na mshipa mkubwa, damu inayopita hupoza joto na seli za saratani zinaweza kusalimika. Ukigusa mrija mkuu wa nyongo, afadhali kuacha.

Utafiti wa COLLISION, ulioongozwa kutoka Uholanzi, ulilinganisha njia hizi kwa uvimbe usiozidi sentimita 3: waliochomwa hawakuishi muda mfupi zaidi, na walipata madhara machache. Mwenye uvimbe wa sentimita 2 aulizie sindano kabla hajasaini fomu ya upasuaji.