Chokaa ya tanuu kwa skuli kongwe: inafaa, lakini si kila gunia

Kamati inapokabidhiwa skuli kongwe ya mawe iliyohamwa, ili igeuzwe maktaba ya mtaa au darasa la watoto wadogo, mzozo wa mwanzo huwa wa lipu: saruji au chokaa? Sisi tunasema chokaa, tena ya tanuu, ila inunuliwe ikiwa mawe, si unga uliofungwa guniani.

Ukuta wa majengo haya ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wa nusu mita au zaidi, na chini hauna cha kuzuia unyevu. Maji hupanda kutoka ardhini na kutokea usoni mwa ukuta. Lipu ya saruji huyafungia njia, yakazidi kupanda, chumvi ikaganda nyuma yake, na mwisho lipu hubanduka na ngozi ya jiwe. La kutisha zaidi ni ncha za boriti za mikoko zilizozikwa ukutani. Zikishinda kwenye unyevu huoza kwa ndani huku dari bado linaonekana zima.

Chokaa ya mifuko ya dukani imeshazimwa, yaani imeshatiwa maji ikawa unga. Ni safi na haina usumbufu, lakini ikikaa ghalani kwenye hewa yetu ya bahari hurudi kuwa vumbi la mawe lisiloshika kitu. Ijaribuni kwa siki: ikitoa povu jingi, imeshakufa. Ikiwa hai tunaikubali kwa kupaka rangi nyeupe. Kwa lipu ya skuli nzima tunaipa alama ya wastani tu.

Ya tanuu ndiyo bora, na ndiyo yenye mitego. Matumbawe hupangwa juu ya magogo na kuchomwa, na ili yaive yanahitaji joto la kiasi cha nyuzi 900. Yaliyo pembezoni mara nyingi hubaki mabichi. Yapimeni kwa mkono, kwani jiwe lililoiva hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Lililo zito kama lilivyochimbwa likataeni. Kisha tieni bonge moja kwenye maji. Lililo zuri huchemka, hupasuka na kumumunyuka lenyewe. Gunia la unga uliozimwa njiani, ukachanganyika na majivu na mchanga, halina kipimo cha kuliamini, hata likiwa la bei rahisi.

Kuzima kufanyike kwenye pipa la chuma, kwa sababu la plastiki huyeyuka. Maji yatangulie, ndoo tatu kwa ndoo moja ya mawe, na mawe yatiwe kidogo kidogo. Kumwagia maji rundo la mawe makavu hurusha chokaa ya moto usoni. Miwani na glavu ni lazima, na maji safi ya kuoshea macho yawe karibu. Uji wake uchujwe kwa wavu wa milimita 3, kisha ukae chini ya maji miezi mitatu. Mafundi wakikatisha muda huo, vipande visivyozimika huvimba ndani ya lipu na kuacha vijitundu ukuta mzima. Hilo ndilo lalamiko tunalolisikia zaidi dhidi ya chokaa, na kosa si la chokaa.

Mchanganyiko ni chokaa moja kwa mchanga mitatu, na tabaka la mwisho moja kwa miwili. Mchanga uwe wa shimoni; wa pwani una chumvi, na maji ya kisima cha chumvi vilevile hayafai. Kila tabaka lisizidi milimita 10, na kati ya tabaka na tabaka ipite wiki moja hadi mbili. Mashimo makubwa yajazwe vijiwe kwanza, la sivyo lipu itapasuka ikinywea. Kwa mita 100 za mraba na unene wa milimita 25, mchanga ni mita 2.5 za ujazo na chokaa laini mapipa manne ya lita 200. Ongezeni la tano, kwani kuta hizi hazijanyooka. Fundi asitie saruji "kidogo tu ili ikamate".

Kabla ya kubandua lipu ya zamani, dari litiwe nguzo. Beit al-Ajaib, jumba kongwe la Mji Mkongwe wa Zanzibar, iliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea. Kwa jengo la Mji Mkongwe, ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe itangulie.

Msimu nao una hukumu yake. Kusi ina ubaridi unaoipendeza lipu, ila upepo huikausha usoni mapema, kwa hiyo kuta za nje zifunikwe magunia mabichi siku kadhaa. Masika msipige lipu ya nje kabisa. Anayetaka kuanza Juni, mawe yawe yamezimwa mwanzoni mwa Machi.

Udhaifu wake wa kweli kwa jengo la watoto ni kuchafua nguo. Kamati nyingi hukimbilia kupaka rangi ya mafuta sehemu ya chini ya ukuta, na hapo ndipo unyevu unapofungiwa upya. Pigeni mbao hadi kimo cha mita moja, mkiacha nafasi ya hewa nyuma yake na upenyo juu na chini. Juu ya mbao pakeni chokaa nyepesi, mikono mitano au sita, na fedha za kuirudia ziwekwe kwenye bajeti ya jengo tangu mwaka wa kwanza.