Saratani ya ovari: vuka kwa ajili ya kisu, dripu ipigwe Unguja

Kwa anayehesabu nauli ya boti, pa kulala Dar na mtu wa kumuuguza mgonjwa, kituo cha bingwa huonekana ghali, hasa wakati hospitali ya Mnazi Mmoja iko hapa hapa mjini Unguja. Kwa saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai ya mwanamke, hesabu hiyo haijakamilika. Kinachotofautiana sana baina ya kituo na kituo ni upasuaji wa mwanzo, na huo ndio wa kulipia safari.

Dawa za kawaida ni zile zile popote: kaboplatini na paklitakseli, kila siku 21, mizunguko 6. Zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Paklitakseli ni miligramu 175 kwa kila mita mraba ya mwili, dripu ya saa 3. Kaboplatini hufuata figo: zikichuja mililita 75 kwa dakika, kwa kipimo lengwa cha 5 (madaktari hukiita AUC), ni 5 × (75 + 25), yaani miligramu 500. Panahitajika wauguzi waliofunzwa kemo (hizo dawa za saratani za dripu), daktari anayesimamia, na maabara ya kupima damu kabla ya kila mzunguko. Kitengo cha saratani kilicho karibu na nyumbani kinaweza kazi hiyo.

Kisu ni habari nyingine. Uchambuzi uliochapishwa 2002, wa wagonjwa 6,885 wenye ugonjwa uliokwisha kusambaa, ulionesha kuwa kila asilimia 10 zaidi ya wagonjwa waliotolewa uvimbe kwa kiwango cha juu iliendana na asilimia 5.5 zaidi ya muda wa kuishi. Kazi yenyewe ni mpasuo wa wima, maji ya tumboni yachukuliwe yapimwe, utoke mji wa mimba, ovari mbili na mirija yake, utandu wa mafuta unaofunika matumbo, na kila punje inayoonekana. Asiyeizoea hudhani ni uvimbe wa kawaida, akapasua mstari mfupi chini ya tumbo, kifuko kikapasuka na kumwagika ndani. Hatua ya IA, saratani ikiwa bado ndani ya ovari moja, inakuwa IC, iliyomwagika. Sasa mgonjwa anafunguliwa tena, na kemo ambayo pengine asingeihitaji anapewa. Hapo ndipo upasuaji wa bei rahisi unapogeuka ghali.

Si kila uvimbe uvukishwe, lakini. Kukadiria hatari kwamba uvimbe ni saratani, zidisha alama ya altrasaundi (0, 1 au 3) kwa alama ya hedhi (1, au 3 kwa aliyekoma) kwa CA-125, kipimo cha damu. Aliyekoma hedhi, altrasaundi 3, CA-125 ya 60: 3 × 3 × 60 = 540. Ikizidi 200 (wengine hutumia 250), dai rufaa. CA-125 peke yake hupotosha. Kifua kikuu cha tumbo huipandisha, hata mimba.

Wengi hukimbilia Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar. Jina lake limejengwa juu ya mionzi na kemo, na ovari mara chache hutibiwa kwa mionzi, basi mashine nzuri isikuvutie bure. Ulizia bingwa wa upasuaji wa saratani za wanawake, ukianzia Muhimbili, na uliza wanapasua ovari ngapi kwa mwaka. Kigezo cha Ulaya ni angalau 20 kwa kituo. “Nyingi” si jibu.

Kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar iulizwe kabla ya safari: inalipa hospitali gani bara, na kwa rufaa ya nani? Tumbo likijaa maji, yapunguzwe kwanza. Kulala ndani ya meli kutoka Pemba wakati wa kusi mgonjwa akitweta ni mateso yasiyo na sababu. Akionekana hawezi kisu kwa sasa, mizunguko 3 ya kemo hutangulia, kisha upasuaji, kisha 3 tena.

Wakati wa kurudi, msiondoke bila ripoti ya upasuaji inayotaja masalio ya uvimbe kwa milimita, majibu ya patholojia, na vipande vya parafini (nyama ya uvimbe iliyohifadhiwa kwenye nta). Na kwa wa Pemba, baada ya dripu hasa siku ya 7 hadi 14 akae karibu na hospitali yenye maabara ya damu: joto likifika 38, aende usiku huo huo.